Sildenafili, tadalafili, sitrulini au mazoezi? Chagua kwa kujua kimeng'enya kipi kimekwama

Uume husimama pale misuli inapolegea. Jambo hili huwashangaza wengi, maana tumezoea kudhani nguvu ni kukaza. Muda wote uume ukiwa umelala, misuli laini iliyomo kwenye kuta za ateri zake na ndani ya tishu zake za sifongo huwa imejikaza, na damu inayopita ni kidogo. Misuli hiyo ikilegea, ateri hupanuka, sifongo hujaa damu, na veni zinazotoa damu hubanwa na ala ngumu inayoizunguka sifongo. Kinacholegeza ni gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Gesi hii huishi sekunde chache tu na haihifadhiwi popote, kwa hiyo mwili hulazimika kuitengeneza palepale inapohitajika, kila mara upya.

Uchaguzi wote unaanzia hapo. Kuna vimeng'enya vinavyoitengeneza gesi hiyo, na kuna kimeng'enya kingine kinachobomoa ujumbe wake. Vidonge maarufu vya duka la dawa, kama sildenafili (Viagra) na tadalafili (Cialis), hushughulika na ubomoaji peke yake. Virutubisho, mboga, mazoezi na kudhibiti sukari hushughulika na utengenezaji. Mtu akinunua kitu cha upande mmoja ilhali tatizo lake liko upande wa pili, atapoteza pesa kisha atasema dawa ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli, na hilo tutalifikia.

Watengenezaji watatu

Vimeng'enya vya kutengeneza viko vitatu, na vyote hufanya kazi ileile: huchukua asidi-amino iitwayo arginini pamoja na oksijeni, hutoa oksidi ya nitriki, na kinachobaki ni sitrulini. Tofauti yao ni mahali vinapokaa na namna vinavyowashwa.

Cha kwanza, nNOS, kinakaa kwenye ncha za neva. Mwanaume akipata ashiki, ujumbe hushuka kupitia uti wa mgongo, hutokea kwenye neva za chini kabisa mgongoni, hupita pembeni mwa tezi dume na kufika kwenye sifongo. Kalsiamu huingia kwenye ncha ya neva, nNOS huwaka, gesi hutoka. Hicho ndicho kiberiti.

Cha pili, eNOS, kinakaa kwenye utando wa ndani wa mishipa yote ya damu mwilini, kuanzia moyoni hadi kwenye figo. Hiki ndicho kinachoshikilia moto. Damu inapoanza kuingia kwa kasi, msuguano wake kwenye utando humwamsha mtengenezaji huyu, na tofauti na mwenzake wa kwenye neva, anaweza kuendelea kutoa gesi kwa muda mrefu. Watafiti wa Johns Hopkins walionyesha mwaka 2002 kwamba ni njia hii ya eNOS inayoufanya uume uendelee kusimama baada ya neva kuuanzisha. Ukitaka kukumbuka jambo moja tu kuhusu vimeng'enya hivi, kumbuka hilo: neva huanzisha, mishipa hudumisha.

Cha tatu, iNOS, hakihusiki na kusimama kwa kawaida. Huibuka wakati wa maambukizi na uvimbe, hutoa gesi kwa wingi mno bila kungoja kalsiamu, na kwenye mishipa iliyokwisha kuumia wingi huo huongeza madhara. Hakuna anayepaswa kununua kitu cha kukiongeza.

Mbomoaji mmoja

Oksidi ya nitriki ikiingia kwenye msuli laini, huwasha kimeng'enya kingine kinachozalisha molekuli iitwayo cGMP, na hiyo ndiyo inayoondoa kalsiamu kwenye msuli hadi ulegee. Kimeng'enya kiitwacho PDE5 huja nyuma yake na kuivunja cGMP. Bila PDE5 uume usingelala tena. Sildenafili na nduguze huifunga PDE5 mdomo, cGMP inakusanyika, na msuli unabaki umelegea muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo kidonge hakitengenezi kitu. Kinalinda kilichotengenezwa. Asiye na ashiki akikimeza na kukaa kungoja, hakuna kitakachotokea, kwa sababu nNOS haijawaka na hakuna cGMP ya kulinda. Huu ndio upungufu wa maelezo unaowakosesha watu wengi matokeo kuliko upungufu wowote wa dawa yenyewe.

Sildenafili ilianza kama dawa ya kubanwa kifua katika maabara za Pfizer huko Sandwich, Uingereza, na iliidhinishwa Marekani kwa matatizo ya kusimama mwezi Machi 1998. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya oksidi ya nitriki kwenye mishipa.

Utajuaje umekwama wapi

Dalili moja haitoshi kutoa hukumu, lakini zikikusanywa husema mengi. Kama asubuhi unaamka uume umesimama imara, au unasimama vizuri ukiwa peke yako, basi neva na mishipa vinafanya kazi. Tafuta sababu kwenye hofu, ugomvi wa nyumbani, uchovu au pombe. Tatizo lililokuja ghafla ndani ya wiki chache huelekea huko pia, au kwenye dawa mpya uliyoanza. Lililokuja polepole kwa miaka, kwanza ugumu ukapungua, kisha asubuhi zikawa kimya, hilo ni la mishipa, yaani eNOS. Uume unaoanza vizuri kisha ukalegea njiani nao hushukiwa eNOS, au veni zinazovujisha damu. Usipoanza kabisa, na mtu ana kisukari cha miaka mingi au alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, shaka iende kwenye neva na nNOS. Hamu yenyewe ikiwa imekufa, pima testosteroni, kwa sababu nNOS na hata PDE5 hutegemea homoni hiyo ili viwepo vya kutosha. Damu ichukuliwe kabla ya saa 5 asubuhi, na jibu likiwa chini lirudiwe siku nyingine.

Kwa mwenye dalili za mishipa kuna jambo la haraka kuliko chumbani. Ateri za uume zina kipenyo cha milimita 1 hadi 2, za moyo milimita 3 hadi 4, na eNOS inayozihudumia ni ileile. Nyembamba huonyesha ugonjwa kwanza. Tatizo la uume mara nyingi hutangulia maumivu ya kifua kwa miaka 2 hadi 3 au zaidi. Kabla ya kununua chochote, pima presha, sukari ya kufunga na mafuta ya damu. Sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L au zaidi, ikirudiwa na kubaki hapo, ni kisukari. Presha ya 140/90 au zaidi siku tofauti inahitaji daktari. Wanaume wengi hugundulika kuwa na kisukari kwa sababu tu jogoo alishindwa kupanda mtungi na wakaamua kwenda kupima badala ya kujificha.

Vidonge vinne kwa pamoja

| | Sildenafili | Tadalafili | Vardenafili | Avanafili |
|---|---|---|---|---|
| Dozi ya kuanzia | mg 50 | mg 10 | mg 10 | mg 100 |
| Kiwango cha juu | mg 100 | mg 20 | mg 20 | mg 200 |
| Kumeza kabla | saa 1 | dakika 30 hadi saa 2 | saa 1 | dakika 15 hadi 30 |
| Msaada hudumu | takribani saa 4 | hadi saa 36 | saa 4 hadi 5 | takribani saa 6 |
| Mlo wa mafuta | huchelewesha | hauna athari | huchelewesha | athari ndogo |

Dozi moja tu ndani ya saa 24, kwa zote nne. Zote huweza kuleta kichwa kuuma, uso kuwaka, pua kuziba na kiungulia, kwa sababu PDE5 ipo kwenye mishipa ya sehemu nyingine pia. Baadhi ya madhara ya kipekee hutokana na dawa kugusa kidogo kimeng'enya cha jirani. Sildenafili hugusa PDE6 ya jichoni, ndiyo maana wengine huona rangi ya samawati kwa saa chache. Tadalafili huleta maumivu ya mgongo na mapaja, mara nyingi siku inayofuata. Vardenafili iepukwe na mwenye tatizo la umeme wa moyo linalorefusha QT (kipindi kimoja cha mpigo kwenye kipimo cha ECG).

Uchaguzi wa kweli kwa watu wengi ni kati ya mbili za kwanza, na hauhusu ipi ni kali zaidi. Uwezo wao unakaribiana. Unahusu maisha yako.

Sildenafili inamfaa anayejua usiku gani anaihitaji, na anayetaka dawa iondoke mwilini upesi. Nusu yake hutoka ndani ya saa 4 hivi. Udhaifu wake ni tumbo. Ukila pilau ya nyama au chipsi na kuku saa 2 usiku kisha ukaimeza papo hapo, kilele chake huchelewa kwa takribani saa nzima na kupungua kwa karibu theluthi. Imeze kabla ya chakula, au ngoja saa 2 baada ya mlo mzito. Aliyezidi miaka 65, mwenye ini bovu au figo iliyochoka sana aanze na mg 25. Vidonge vya mg 100 vinauzwa kila kona na vijana huvianzia hivyohivyo. Huko ni kujitafutia kichwa na kizunguzungu bila faida ya ziada, kwa sababu mg 50 huwatosha wengi.

Tadalafili nusu yake hutoka baada ya saa 17 na nusu. Ijumaa jioni ukiimeza, Jumamosi usiku bado inakusaidia, na wanandoa wengi huipenda kwa sababu hakuna anayeangalia saa. Ina faida nyingine: mg 5 kila siku, saa ileile, hutibu pia mkojo unaosumbua kwa tezi dume iliyovimba. Kwa mzee anayeamka mara 3 usiku kukojoa na ambaye pia ana shida ya kusimama, kidonge kimoja kidogo cha kila siku ni chaguo bora kuliko kubahatisha sildenafili, na tungemwambia hivyo bila kusita. Upande wa pili wa urefu huo ni kwamba madhara nayo hukaa muda mrefu, na hatari ya kugongana na dawa za moyo inaenda hadi saa 48.

Avanafili ni ya haraka zaidi lakini huwa ghali na ngumu kupatikana katika maduka mengi ya Afrika Mashariki. Vardenafili haina kinachoizidi sildenafili kiasi cha kumhamisha mtu aliyekwisha kuzoea.

Usiseme dawa imekataa kabla hujaijaribu mara 6 hadi 8, siku tofauti, kwa dozi ya juu unayoruhusiwa, tumbo likiwa sawa, ukiwa na ashiki na bila kulewa. Sehemu kubwa ya wanaodai imekataa walijaribu mara 1 au 2, baada ya nyama choma na bia.

Wasiotakiwa kuvigusa, na wanaotakiwa kupunguza

Mtu anayetumia nitrati za moyo, kama gliserili trinitrati ya kuweka chini ya ulimi au isosobaidi, haruhusiwi kidonge chochote kati ya hivi. Sababu iko kwenye mnyororo uleule: nitrati humwaga oksidi ya nitriki kwa wingi, cGMP inazalishwa kwa kasi, na PDE5 iliyofungwa haiwezi kuivunja. Mishipa yote hupanuka kwa pamoja, presha inaanguka, mtu anazimia au kufa. Ukibanwa kifua baada ya kumeza sildenafili, mwambie daktari umemeza nini na saa ngapi. Nitrati haitatolewa kabla ya saa 24 kwa sildenafili na vardenafili, na saa 48 kwa tadalafili. Aibu ya dakika moja kwenye chumba cha dharura isikuue. Riosiguati, dawa ya presha ya mapafu, nayo imekatazwa kabisa pamoja nazo, na nikorandili ya kifua vilevile.

Anayetumia dawa za tezi dume za kundi la alfa, kama tamsulosini au doksazosini, awe amezizoea kwanza, kisha aanze na dozi ya chini kabisa ya kidonge.

Dawa za kufubaza VVU zinahitaji umakini wa pekee. Ritonaviri, iliyomo kwenye dawa nyingi za mstari wa pili, huzuia ini lisiondoe vidonge hivi, na kiasi chake mwilini hupanda mara nyingi. Kwa anayeitumia, sildenafili isizidi mg 25 ndani ya saa 48, na tadalafili isizidi mg 10 ndani ya saa 72. Dolutegraviri ya mstari wa kwanza haina tatizo hilo. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, hufanya kinyume: huliamsha ini lipige kazi mno, na tadalafili karibu yote hutoweka kabla haijasaidia. Mgonjwa wa TB asipandishe dozi kwa kukasirika. Angoje amalize matibabu. Ketokonazoli ya fangasi, klarithromisini ya bakteria na hata juisi ya balungi huongeza dawa mwilini.

Moyo wenyewe nao upimwe. Anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema kupita kiasi kwa kawaida anaweza tendo. Asiyeweza, aanzie kwa daktari wa moyo.

Kuhusu feki: mamlaka za dawa za nchi nyingi, ikiwemo FDA ya Marekani, zimekuta mara nyingi sildenafili au tadalafili imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba tu. Hilo ndilo tatizo letu na unga usio na jina, wa vumbi la Kongo au mwingine wowote. Mizizi yenyewe huenda isiwe na shida, ila mnunuzi hajui kama kuna dawa ya hospitali ndani wala ni miligramu ngapi. Mzee mwenye isosobaidi mfukoni anayekula unga huo akiamini ni mzizi mtupu yuko kwenye hatari ileile tuliyoieleza. Nunua kidonge kwenye duka lenye leseni, kikiwa kwenye karatasi yake ya kiwandani, chenye jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Kilichomiminwa kwenye bahasha kiache.

Kuongeza malighafi: arginini, sitrulini au mchicha

Hoja ya wauzaji wa virutubisho ni rahisi: vimeng'enya hula arginini, basi ongeza arginini. Ina kasoro mbili. Kwa mtu mwenye afya, arginini iliyomo kwenye damu tayari ni nyingi kuliko kimeng'enya kinavyohitaji. Na ile unayoimeza hukutana na arginasi, kimeng'enya cha utumbo na ini, ambacho huila sehemu kubwa kabla haijafika popote. Faida inaonekana zaidi kwa wale ambao arginasi yao imepanda, hasa wenye kisukari, na kwa matatizo madogo hadi ya wastani. Dozi zinazotumika huwa gramu 1.5 hadi 5 kwa siku, na tumbo huanza kulalamika kadiri dozi inavyopanda. Aliyepata shambulio la moyo asiiguse: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, la gramu 3 mara 3 kwa siku baada ya shambulio, lilisimamishwa baada ya vifo 6 upande wa arginini na sifuri upande mwingine.

Sitrulini ni ujanja mzuri zaidi. Arginasi haiigusi, inapita ini salama, kisha figo huigeuza kuwa arginini. Utafiti wa Italia wa mwaka 2011 uliwapa wanaume 24 wenye tatizo dogo gramu 1.5 kwa siku kwa mwezi mmoja. Waliopanda kutoka ugumu wa daraja la 3 hadi la 4, ambalo ndilo la kawaida, walikuwa 12. Kwenye mwezi mwingine wa kidonge kitupu, kisicho na dawa, walikuwa 2. Ni utafiti mdogo, na hauifanyi sitrulini iwe mshindani wa sildenafili. Lakini kati ya virutubisho viwili, kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo anayetaka kuanza na kitu chepesi, chagua sitrulini, ipe mwezi, na ukiona hakuna tofauti acha. Tikiti maji lina sitrulini, gramu 1 hadi 3 hivi kwa kilo, kwa hiyo kipande kimoja cha baada ya chakula hakifiki dozi hiyo. Mwenye kisukari asijaribu kufidia kwa kula kilo nzima.

Njia ya tatu inazunguka vimeng'enya vyote. Nitrati ya mboga, iliyomo kwa wingi kwenye bitiruti, mchicha, spinachi na saladi, hufika mdomoni kupitia mate, bakteria wa ulimi huigeuza kuwa nitriti, na mwilini nitriti hiyo huwa oksidi ya nitriki bila NOS yoyote (vile vimeng'enya vitatu) kuhusika. Juisi ya bitiruti ya mililita 250 kila siku imeonyeshwa kushusha namba ya juu ya presha kwa takribani vizio 8 kwa wagonjwa wa presha. Kwa kusimama kwenyewe ushahidi bado ni mwembamba; inywe kwa ajili ya mishipa na uiweke hapo. Ukichemsha mchicha na kumwaga maji, umemwaga na nitrati. Upike kwa maji machache. Dawa kali za kusukutua mdomo huua bakteria wale na kukata njia hii. Mwenye historia ya mawe kwenye figo apunguze bitiruti na spinachi. Usidhani nitrati ya mboga ni sawa na ile ya moyo tuliyoionya juu: mchicha na sildenafili havigombani.

Kukitengeneza kimeng'enya chenyewe

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote, ingawa hapauziki. eNOS huhitaji msaidizi aitwaye tetrahidrobiopterini. Sukari ya juu, moshi wa sigara na presha isiyotibiwa humharibu msaidizi huyo, na kimeng'enya kikibaki peke yake hugeuka: badala ya oksidi ya nitriki kinatoa oksijeni kali inayokula hata ile gesi kidogo iliyopatikana. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa anayemeza arginini anamwaga mafuta kwenye injini iliyopasuka. Kwake, kushusha HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita) na kuacha sigara ni dawa ya eNOS kuliko chupa yoyote ya gramu 5.

Mazoezi hukiamsha kimeng'enya kwa njia yake ya asili, ule msuguano wa damu. Kiasi kilichokusanywa kwenye tafiti kwa tatizo la mishipa ni dakika 40, mara 4 kwa wiki, kwa miezi 6, kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwenye utafiti wa Italia wa mwaka 2004 wa wanaume 110 wanene, kundi lililopunguza uzito na kufanya mazoezi kwa miaka 2, karibu theluthi yao walirudi katika hali ya kawaida bila kidonge. Ukilinganisha kwa gharama, hakuna kinachoikaribia njia hii. Ukilinganisha kwa kasi, kidonge kinashinda ndani ya saa moja. Ndiyo maana kwa mtu wa miaka 45 mwenye tumbo na presha, tungechagua vyote viwili: tadalafili au sildenafili ya sasa, na miezi 6 ya kutembea kwa bidii, kisha ajaribu kupunguza kidonge.

Dawa za presha nazo hazilingani. Atenololi, propranololi na zile za kukojoza za kundi la thiazaidi hulaumiwa zaidi kwa kuangusha nguvu. Losartani, enalaprili na amlodipini kwa kawaida hazina athari hiyo. Nebivololi, ingawa ni ya kundi la atenololi, huichochea eNOS itoe gesi. Ukiona tatizo lilianza na kidonge cha presha, muulize daktari kuhusu kubadilisha. Usiache mwenyewe: atenololi ikikatwa ghafla moyo unaweza kuruka vibaya, na presha isiyotibiwa inaharibu eNOS ileile unayojaribu kuiokoa.

Pale ambapo hakuna cha kulinda

Neva zikikatwa kwenye upasuaji wa saratani ya tezi dume, au zikifa kwa kisukari cha muda mrefu, nNOS haipo, kiberiti hakiwaki, na kidonge cha kuzuia PDE5 mara nyingi hushindwa. Hapo kuongeza mg hakusaidii. Alprostadili hupita mlango mwingine kabisa, hulegeza msuli kwa cAMP, molekuli inayofanana na cGMP, bila kungoja oksidi ya nitriki. Huchomwa kwa sindano nyembamba ubavuni mwa uume, si juu wala chini, dozi ya kwanza ndogo kama mikrogramu 2.5 ikitolewa kliniki, na husimamisha ndani ya dakika 5 hadi 20. Isizidi mara 3 kwa wiki. Pampu ya kuvuta hewa haihitaji kimeng'enya chochote. Pete yake ikae kwa dakika 30 tu, kwa sababu chini yake damu mpya haifiki. Pampu ni salama zaidi na hutumika miaka mingi, sindano hutoa ugumu wa asili zaidi. Wanaoogopa sindano kwa kawaida hubadilisha mawazo baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza.

Seli mundu: hesabu inageuka

Kwa mwenye seli mundu, seli nyekundu hupasuka na kumwaga hemoglobini inayoifyonza oksidi ya nitriki, pamoja na arginasi inayoila arginini. Ungetarajia uume usisimame. Badala yake, gesi ikikosekana kwa muda mrefu, sifongo hupunguza PDE5 yake. Siku cGMP inapopanda usingizini, hakuna wa kutosha wa kuibomoa, na uume husimama saa kadhaa kwa maumivu bila ashiki yoyote. Kwa hiyo alprostadili imekatazwa kwa mtu huyu, na sildenafili isinunuliwe dukani. Jaribio la dawa hiyo kwa wagonjwa wa seli mundu wenye presha ya mapafu lilisimamishwa mwaka 2009 kwa kuwa maumivu yalizidi.

Uume ukisimama hivyo, kojoa, kunywa maji mengi, tembea. Ukikaa muda wa saa 2 bila kulala, anza safari ya hospitali. Ukivuka saa 4, tishu zinaanza kufa na huenda nguvu zisirudi. Huko watavuta damu iliyonasa na kuchoma fenilefrini, mikrogramu 100 hadi 500 kila baada ya dakika chache, huku wakipima presha. Waambie mara moja kwamba una seli mundu, na taja kila kidonge au unga uliokula siku hiyo.